Kodi Isiyopigiwa Kura: Nakisi ya Bajeti na Mabaraza ya Bunia tangu 1960

Historia ya fedha za umma za Kongo imezoeleka kuandikwa kutoka Kinshasa. Huko ndiko iliko Hazina, ndiko iliko Benki Kuu, na ndiko wanakokaa wabunge wanaopitisha bajeti na kisha kuisahau. Makala haya yanakusudia kuitazama historia hiyo hiyo kutoka upande wa pili wa nchi, yaani kutoka Bunia, mji mkuu wa Ituri, ulio zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Kinshasa lakini jirani kabisa na Ziwa Albert na mpaka wa Uganda. Sababu ya kuuchagua mji huu si mapenzi ya kimkoa. Ni kwamba nakisi ambayo Kinshasa huonekana kama tarakimu katika jedwali, Bunia imeonekana kama noti inayokataliwa sokoni, kama mshahara wa mwalimu usiofika, na katika miaka ya vita, kama ushuru unaolipwa mara mbili kwa mzigo mmoja.

Neno nakisi, tulilolipokea kutoka Kiarabu, lina maana ya upungufu. Bajeti huwa na nakisi pale matumizi yanapozidi mapato. Hilo peke yake si dhambi. Serikali nyingi duniani hutumia kuliko zinavyopata, zikakopa kwa masharti yanayojulikana na kulipa baadaye. Kadhia huanza pale pengo linapozibwa bila idhini ya wale ambao sheria imewapa mamlaka ya kuidhinisha. Serikali isiyo na fedha ina njia chache tu: kukopa, kuchapa noti, au kutolipa inachodaiwa. Kila mojawapo ya njia hizo humtoza mtu fulani kitu fulani. Anayeweka akiba ya noti hutozwa na mfumuko wa bei, mwalimu hutozwa na mshahara uliocheleweshwa, mfanyabiashara hutozwa na mkopo asioweza kuudai. Hoja yetu ni kwamba nakisi ya Kongo imekuwa, kwa watu wa Ituri, kodi isiyopigiwa kura, na kwamba mabaraza yaliyoundwa ili kuipigia kura ama yalijinyamazia, ama yalijilipa kwanza, ama yalifungwa kabla ya kuzoea kazi yake.

Mlango wa pembeni

Kanuni za bajeti hazikuanza na uhuru. Sheria ya Koloni ya tarehe 18 Oktoba 1908, ambayo kwayo Ubelgiji iliichukua Kongo kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili, iliagiza kwamba bajeti ya koloni ipitishwe kila mwaka kwa sheria ya Bunge la Ubelgiji. Muswada ulipaswa kuwafikia wabunge angalau miezi minne kabla ya mwaka wa fedha kuanza. Hata hivyo kifungu hicho hicho kilikuwa na mlango wa pembeni: siku tano kabla ya mwaka kuanza, iwapo mabunge mawili yangekuwa hayajapiga kura, Mfalme aliruhusiwa kupanga mapato na kufungua matumizi ya muda, miezi mitatu mitatu, hadi wabunge watakapoamka. Mchimbaji wa dhahabu wa Kilo, ambako madini hayo yaligunduliwa mwaka 1903, alilipa kodi ya kichwa kwa fedha taslimu. Hakuwa na mwakilishi katika chumba ambamo kodi hiyo ilijadiliwa, wala katika ofisi ambamo mlango wa pembeni ulifunguliwa.

Tunautaja mlango huo kwa sababu haukuzibwa baadaye. Katiba na sheria za fedha zilizofuata zilibeba sura ya kanuni ile ile: tarehe ya mwisho ya kuwasilisha, kura ya Bunge, kisha njia ya dharura kwa ajili ya siku ambayo kura haikupigwa. Mtu anayesoma sheria hizi kwa mfuatano huona kwamba njia ya dharura ndiyo iliyokanyagwa zaidi.

Wabunge wa 1960 na mkoa wa kwanza wa Bunia

Uhuru ulipopatikana tarehe 30 Juni 1960, Hazina ilikuwa tayari imedhoofika. Bei ya shaba ilikuwa imeshuka tangu 1957, bajeti ya koloni ilikuwa na nakisi, na mitaji ilikuwa ikikimbia. Katika hali hiyo, mojawapo ya mambo ya kwanza yaliyoamuliwa na Bunge jipya lilikuwa posho za wabunge wenyewe, ambazo zilipandishwa hadi faranga 500,000 kwa mwaka. Waziri Mkuu Patrice Lumumba alipinga, lakini kura ilikwisha kupigwa. Siku chache tu baada ya uhuru, tarehe 5 Julai, askari wa jeshi liitwalo Force Publique waliasi. Si sahihi kusema kwamba posho ndizo zilizoleta maasi. Jenerali Janssens alikuwa amewaandikia askari ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawa na kabla ya uhuru, na hilo lilitosha. Lakini askari walikuwa na masikio. Walijua nani amepandishiwa malipo na nani hakupandishiwa.

Watafiti wa taasisi ya IRES ya Chuo Kikuu cha Lovanium, katika kitabu chao cha 1968 kuhusu uhuru, mfumuko wa bei na maendeleo, walionyesha jinsi mishahara ya askari, maofisa na wanasiasa ilivyokua baada ya 1960 wakati mapato yakianguka, na jinsi pengo lilivyozibwa na benki ya taifa. Matokeo yake yalikuwa kuhamisha mali kutoka kwa mkulima kwenda kwa mwenye mshahara wa serikali. Mkulima wa kahawa wa Ituri aliuza zao lake kwa faranga zilizokuwa zikipungua uzito kila mwezi, na akanunua chumvi na vitambaa kwa bei zilizopanda.

Ni katika miaka hiyo Bunia ilipata kwa mara ya kwanza baraza lake. Mwaka 1962 mikoa sita ya kikoloni iligawanywa, na idadi ikafika 21. Mmojawapo wa mikoa hiyo midogo ulikuwa Kibali-Ituri, makao makuu yake Bunia, rais wake Jean Foster Manzikala. Mkoa ulikuwa na serikali, mawaziri, na baraza la kutunga sheria. Ulichokosa ni mapato ya kulingana na ukubwa wa vyeo hivyo. Dhahabu ya Kilo-Moto haikuwa kapu la mkoa, na mikoa midogo kwa jumla iliishi kwa kutegemea ruzuku ya serikali kuu. Hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa historia hana budi kulizingatia: baraza linaloishi kwa ruzuku halina sababu kubwa ya kulinda mapato, kwa kuwa si lake, wala halina nguvu ya kukataa matumizi, kwa kuwa ruzuku ikishafika tayari ina wenyewe. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliingia Bunia. Mwaka 1966 Mobutu aliyaunganisha tena majimbo madogo, na Kibali-Ituri ikatoweka katika ramani. Baraza la kwanza la Bunia lilikuwa limeishi miaka isiyozidi minne, sehemu kubwa yake katikati ya vita.

Makuta

Tarehe 23 Juni 1967 ilizaliwa sarafu mpya, zaire. Zaire moja ilichukua nafasi ya faranga 1,000 na ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Iligawanyika katika makuta 100. Neno hilo makuta lilikaa vizuri katika vinywa vya watu hata likawa, katika Kiswahili cha sehemu nyingi za Kongo, jina la pesa kwa jumla, na limeendelea kuishi baada ya likuta lenyewe kutokuwa na uwezo wa kununua chochote. Lugha mara nyingi huwa mwaminifu kwa sarafu kuliko Benki Kuu.

Miaka michache ya mwanzo ilikuwa ya utulivu. Kisha ikaja amri ya Novemba 1973 iliyozitwaa biashara za wageni, ambayo katika miji kama Bunia iliwaondoa wafanyabiashara wa Kigiriki na wa Kiasia waliokuwa wakinunua mazao na kuleta bidhaa. Mwaka 1974 bei ya shaba ilianguka. Serikali haikupunguza matumizi. Ilikopa nje, na ilipokosa wa kuikopesha, iligeukia Benki ya Zaire. Mjerumani Erwin Blumenthal, aliyepelekwa na Shirika la Fedha la Kimataifa kusimamia benki hiyo mwaka 1978, aliondoka mwaka uliofuata, na ripoti yake ya 1982 iliwaambia wadai wazi kwamba hawana matumaini ya kulipwa maadamu utawala ule unaendelea.

Na wabunge walifanya nini? Ingefaa tuwe waadilifu hapa. Bunge la chama kimoja, lililoitwa wakati huo Baraza la Kutunga Sheria, lilithubutu mwishoni mwa miaka ya 1970 kuwaita mawaziri na kuwahoji kuhusu fedha. Mwaka 1980 Mobutu alibana mamlaka hayo ya kuhoji. Mwishoni mwa mwaka huo huo wabunge 13, miongoni mwao Étienne Tshisekedi, walimwandikia barua ndefu ya wazi, na wakalipia ujasiri wao kwa kukamatwa na kuvuliwa viti. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna aliyezijua kanuni. Zilijulikana, na waliojaribu kuzifuata waliadhibiwa. Kanuni ya bajeti inahitaji mbunge anayeweza kusema hapana na kesho yake akarudi kazini.

Sikukuu ya Krismasi ya 1979 ilionyesha ni nani anayelipa. Tarehe 25 Desemba serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 si fedha tena. Mipaka ilifungwa, na wananchi wakapewa siku chache na kiwango maalumu cha kubadilisha. Aliyekuwa na akaunti Kinshasa, na rafiki benki, aliweza kujinasua. Mchimbaji au mkulima aliyefukia akiba yake nyumbani, mbali na tawi lolote la benki, alipoteza. Hapakuwa na sheria ya kodi iliyopitishwa siku ile, lakini kodi ilitozwa, tena kubwa. Haishangazi kwamba baadaye watu wa mashariki hawakuipenda tena noti ya taifa. Uchimbaji mdogo mdogo wa dhahabu uliporuhusiwa mwaka 1982, dhahabu kutoka upande wa Mongbwalu na kahawa kutoka Aru na Mahagi vilikuwa vimekwisha kupata njia zake za kwenda Uganda na Kenya. Kitabu kilichohaririwa na Janet MacGaffey mwaka 1991 kuhusu uchumi halisi wa Zaire kinaeleza biashara hii kwa kina. Neno lililotumiwa Uganda na Kenya kwa biashara ya aina hii, magendo, lina harufu ya uhalifu. Lakini kwa mtu wa Ituri magendo yalikuwa pia njia ya kukataa kulipa kodi ya mfumuko wa bei. Serikali ilipoteza ushuru wake kwa sababu iliharibu sarafu yake, na kwa kuwa ilipoteza ushuru, ikachapa noti zaidi.

Mzunguko huo ulifika kileleni baada ya 1990. Kulikuwa na Kongamano Kuu la Kitaifa, lililofunguliwa Agosti 1991 na kufungwa Desemba 1992 chini ya Askofu Mkuu Laurent Monsengwo. Likaacha Baraza Kuu la Jamhuri. Mobutu kwa upande wake alilifufua Bunge la zamani la chama kimoja. Nchi ikawa na mabunge mawili, na baada ya Aprili 1993 ikawa na mawaziri wakuu wawili, Tshisekedi na Faustin Birindwa. Kila upande ulidai kuwa ndio halali, lakini aliyeshika mitambo ya fedha ndiye aliyetumia. Januari 1993 Benki ilitoa noti ya zaire milioni tano. Tshisekedi alitangaza kwamba si fedha halali, wafanyabiashara wakaikataa, askari waliolipwa kwa noti hiyo wakakuta hawawezi kununua mkate, wakapora Kinshasa. Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliuawa kwa risasi katika ghasia hizo. Oktoba 1993 ilikuja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mwezi uliofuata bei zilipanda kwa takribani asilimia 250, na kwa mwaka mzima wa 1994 mfumuko ulizidi asilimia 23,000. Mikoa ya Kasai iliikataa zaire mpya na kubaki na noti kuukuu. Bunge jipya la mpito lililounganishwa Januari 1994, lenye wajumbe zaidi ya 700, lilikuwa kubwa kuliko fedha zilizokuwapo za kuliendesha.

Bunia haikuandamana wala haikutangaza sarafu yake. Dola na shilingi ya Uganda zilichukua nafasi kimya kimya, hasa katika biashara ya dhahabu na bidhaa za jumla; noti za Kinshasa zikaachiwa mboga na nauli.

Kulipia kabla

Tumefika mahali ambapo habari za Bunia zinaacha kufanana na za Kinshasa, na ambapo, kwa maoni yetu, nakisi inaonekana bila mavazi.

Vita vya pili vilipoanza Agosti 1998, Ituri ilikuwa chini ya jeshi la Uganda na makundi ya waasi lililoyaunga mkono. Juni 1999 Jenerali James Kazini wa Uganda alimteua Adèle Lotsove kuwa gavana wa mkoa uliopewa tena jina la Kibali-Ituri. Hivyo Bunia ikawa makao makuu ya mkoa kwa mara ya pili, safari hii kwa amri ya ofisa wa jeshi la nchi jirani, bila kura ya baraza lolote. Septemba mwaka huo kundi la RCD-ML liliweka makao yake Bunia, likiongozwa na Profesa Ernest Wamba dia Wamba. Wasomaji wa jarida la Kiswahili watalikumbuka jina hilo: kabla ya kuingia msituni Wamba alikuwa mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na aliwahi kuwa rais wa baraza la utafiti wa sayansi za jamii la CODESRIA. Maandishi yake yalihusu demokrasia ya mashinani na baraza kama mahali pa watu kusemezana. Huko Bunia alikuta kwamba mamlaka ya kweli ni udhibiti wa vituo vya forodha na wa askari. Ugomvi wake wa mwaka 2000 na wasaidizi wake, Mbusa Nyamwisi na Tibasima Ateenyi, ulihusu, pamoja na mengine, mambo hayo hayo mawili, naye akaupoteza.

Utawala wa waasi haukuwa na mtambo wa kuchapa noti, na hapakuwa na benki ya kuukopesha. Je, ungewezaje kuwa na nakisi? Jibu lilikuwa ni kile ambacho wafanyabiashara wa Bunia, Butembo na Aru walikiita kwa Kifaransa kugharamia kabla, nasi tutakiita kulipia kabla. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa, hasa za kati ya 2002 na 2005, pamoja na kazi za watafiti kama Timothy Raeymaekers aliyechunguza Butembo, zinaeleza utaratibu wake. Kiongozi wa kundi alihitaji fedha leo kwa ajili ya askari, mafuta na safari. Alimwendea mfanyabiashara mkubwa aliyekuwa akiingiza bidhaa kutoka Uganda, Kenya au Dubai, akachukua kwake kiasi fulani cha dola. Mfanyabiashara alirudishiwa fedha zake kwa njia ya ushuru: mizigo yake ilipita kwenye kituo bila kulipa, au kwa kulipa kidogo, mpaka deni liishe.

Utaratibu huu unastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake mna kila kitu kilichomo katika nakisi ya serikali kuu, ila katika umbo dogo. Mapato ya miezi ijayo yalitumiwa kabla hayajaingia. Hapakuwa na kasma, yaani fungu lililotengwa kwa kazi maalumu, ambalo mtu angeweza kuuliza kama limevukwa. Mfanyabiashara mdogo asiyeweza kukopesha alilipa ushuru kamili, kwa hiyo alishindwa kwa bei na yule aliyekopesha. Baada ya muda biashara ilijikusanya mikononi mwa wachache. Na deni lenyewe lilikuwa la mtu, si la dola. Kituo cha forodha kilipotekwa na kundi jingine, mtekaji hakuona sababu ya kuheshimu mkataba wa mtangulizi wake. Aliomba alipiwe kabla upya. Hapakuwa na mahakama ya kumshtaki. Mzigo wa kulipa mara mbili uliishia kwenye bei ya sukari, sabuni na mafuta ya taa katika soko la Bunia, na aliyenunua sabuni hakujua kwamba analipia deni la kundi lililokwisha kufukuzwa mjini.

Na vituo vilitekwa mara nyingi. Agosti 2002 kundi la UPC la Thomas Lubanga liliichukua Bunia, Machi 2003 lilifukuzwa na jeshi la Uganda na washirika wake wapya, Mei likarudi. Mahagi, Aru na Ariwara vilikuwa mikononi mwa kundi la FAPC la Jérôme Kakwavu. Katikati ya misukosuko hiyo, Aprili 2003, Kamati ya Kutuliza Ituri iliunda utawala wa muda, wenye chombo cha utendaji na baraza maalumu lililoongozwa na Pétronille Vaweka. Hilo lilikuwa baraza la pili la Bunia. Lilikuwa na wajumbe kutoka jamii mbalimbali, lilikuwa na nia njema, na mwenyekiti wake alipata heshima kubwa kwa ushujaa wake wa kuzungumza na wakuu wa makundi ana kwa ana. Lakini baraza lile lingeweza kupitisha bajeti gani? Ushuru wa mipakani ulikuwa kwa wenye bunduki. Wiki chache baada ya kuundwa kwake mapigano yaliuteketeza mji, mpaka kikosi cha Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa kilipofika mwezi Juni. Mabaraza ya Mobutu yalikuwa na fedha yasizoweza kuzihoji. Baraza la 2003 lilikuwa na haki ya kuhoji fedha zisizokuwapo.

Wakati huo huo, upande wa Kinshasa mambo yalikuwa yameanza kunyooka. Faranga ya Kongo, iliyozaliwa mwaka 1998, ilikuwa nayo imeliwa na vita. Mwaka 2000 mfumuko ulipita asilimia 500. Mei 2001 serikali ya Joseph Kabila, ikiwa na Waziri wa Fedha Freddy Matungulu, iliiachia faranga itafute thamani yake, na ikajiwekea kanuni moja nyepesi: Hazina itatumia kile tu kilichoingia. Baada ya miaka miwili mfumuko ulishuka hadi tarakimu chache. Mafanikio hayo yanathibitisha kwamba nakisi ya Kongo haikuwa laana ya asili. Iliwezekana kuizuia kwa uamuzi. Ila Bunia, mwaka ule wa 2001, haikuwa chini ya Hazina hiyo.

Asilimia 40

Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 ina kanuni za bajeti zilizo wazi. Serikali huwasilisha muswada wa fedha kabla ya tarehe 15 Septemba. Mbunge hawezi kupendekeza matumizi mapya bila kuonyesha mapato ya kuyagharamia. Mahakama ya Hesabu hupeleka hesabu za Jamhuri kwa Bunge kila mwaka pamoja na maoni yake, na Bunge huzifunga kwa sheria. Kifungu cha 175 kinatenga asilimia 40 ya mapato ya kitaifa kwa ajili ya mikoa, na kinaeleza kwamba sehemu hiyo izuiwe pale pale inapokusanywa. Kifungu cha 181 kinaunda mfuko wa kusawazisha mikoa, wenye asilimia 10 ya mapato. Sheria ya fedha za umma ya tarehe 13 Julai 2011 ilikuja kuongeza ufafanuzi: kila matumizi hupitia hatua nne, kufunga ahadi, kuhakiki deni, kuamuru malipo, na kulipa.

Utekelezaji ulikwenda njia nyingine. Sehemu ya mikoa haikuzuiwa kwenye chanzo. Mapato yalikwenda Kinshasa kwanza, kisha yakarudishwa kwa kiasi na kwa wakati ambao Kinshasa ilipenda, chini ya asilimia iliyoandikwa. Mfuko wa kusawazisha ulisubiri sheria yake hadi 2016. Malipo ya njia ya dharura, yanayoruka hatua nne za sheria na kuhalalishwa baadaye, yakawa desturi ambayo Shirika la Fedha la Kimataifa limeilalamikia tena na tena. Nusu ya kwanza ya 2020, mapato yalipoanguka kwa janga la korona, serikali ilirudi kwa Benki Kuu kama zamani. Faranga ikaporomoka, na mwezi Agosti serikali na Benki zikalazimika kutiliana saini mkataba wa kuacha kugharamia nakisi kwa fedha za Benki. Wabunge ambao kila mwaka walipitisha asilimia 40 katika majedwali ndio hao hao ambao hawakumzuilia waziri hata mmoja bajeti yake kwa kutoitekeleza. Hapa hatuwezi tena kumlaumu Mobutu.

Ituri ikawa mkoa mwaka 2015, Mkoa wa Mashariki ulipogawanywa. Baraza la tatu la Bunia lilianza kazi mwaka uliofuata, likiundwa na wajumbe waliokuwa wamechaguliwa Oktoba 2006 kwa ajili ya mkoa ambao haukuwapo tena, na kwa kipindi cha miaka mitano kilichokuwa kimekwisha zamani. Hao ndio waliopewa kazi ya kupiga kura juu ya bajeti ya mkoa mpya, bajeti ambayo sehemu kubwa ya mapato yake ilikuwa ahadi ya Kinshasa. Ahadi iliandikwa kama mapato. Fedha zisipofika, kilichobaki kilikuwa madeni ya mishahara na ya wazabuni. Sisi tungeiita nakisi hiyo nakisi ya kuagizwa: mkoa haukuitengeneza, ila uliibeba. Wajumbe wapya walichaguliwa Desemba 2018.

Tarehe 6 Mei 2021 ilianza kutekelezwa hali ya kuzingirwa katika Ituri na Kivu Kaskazini, iliyotangazwa na Rais Félix Tshisekedi ili kupambana na makundi yenye silaha. Gavana wa kiraia alipisha gavana wa kijeshi, Luteni Jenerali Johnny Luboya, na Baraza la Mkoa likasimamishwa. Katiba inataka hali hiyo isizidi siku 30, na kila nyongeza ya siku 15 iidhinishwe na Bunge la Taifa na Seneti. Kanuni hii ilifuatwa kwa bidii ya kustaajabisha: mara baada ya mara, muswada uliletwa, ukajadiliwa kwa muda mfupi na kupitishwa. Bunge lililoshindwa kuitetea asilimia 40 kwa miaka kumi na mitano liliweza kukumbuka Ituri kila baada ya wiki mbili, ili kuongeza muda ambao Ituri haina baraza la kuipigia bajeti yake kura.

Kazi moja inabaki kwa wanafunzi wa lugha na wa historia kwa pamoja. Utaratibu wa kulipia kabla uliendeshwa kwa mdomo, na kwa sehemu kubwa kwa Kiswahili, kati ya wakuu wa makundi, mawakala wa forodha na wafanyabiashara wa Aru, Mahagi, Kasenyi na Bunia. Ripoti tulizo nazo ziliandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, na maneno waliyoyatumia wenyewe kwa deni, msamaha wa ushuru, rehani na dhamana hayamo humo. Wengi wa watu hao wangali hai.